Kutu Hufuata Maji

Kazi ile yote iligharimu ndimu arobaini, chumvi ya mawe kilo mbili, soksi ndefu moja ya mtumba, nusu lita ya oili chafu, pakiti tupu za sigara ambazo niliacha kuzihesabu zilipofika mia mbili, na ajira za watu sitini na watatu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata sitini na wanne, kisha nikagundua kwamba nilimhesabu mlinzi wa mchana na mlinzi wa usiku kama watu wawili, kumbe alikuwa mtu mmoja, zamu mbili, mshahara mmoja. Fedha niliyolipwa mimi nitaitaja nikifika huko, kwa sababu wakati ule niliifurahia.

Mwezi uliopita nilishuka njia panda ya Usagara kununua michembe. Viazi vikavu bei yake pale bado inashikika, mradi ujue kununa na kuondoka taratibu. Nilikuwa kwenye hatua ya nne ya kuondoka, muuzaji karibu aniite, nikaitwa na sauti nyingine. "Mayu! Wewe si yule wa kutu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma; lakini yule wa kutu, ilikuwa karibu miaka thelathini sijaitwa hivyo. Chini ya kibanda cha bati alikuwa ameketi mzee mwenye cherehani iliyofunguliwa mapajani, mguu wa kushoto umefungwa plasta mpaka gotini. Uso ulikuwa umebadilika. Mikono haikubadilika: vidole vinene, ncha bapa, vinashika skrubu kama unavyoshika punje ya mchele. Alikuwa Fundi Luhende, aliyewahi kuwa fundi mkuu wa mitambo wa jineri moja, kiwanda cha kuchambulia pamba, upande wa Misungwi. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mayu, marahaba," akasema, kisha akawageukia wanawake wawili waliokuwa wakisubiri cherehani. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyenifumbua macho. Mimi nilikuwa kipofu mwenye macho mawili." Wale wanawake wakanitazama kwa heshima. Michembe nikainunua kwa bei ya kwanza aliyotaja muuzaji, na wanaonijua wataelewa hapo kwamba sikuwa mzima.

Mwaka anaouzungumzia ulikuwa wa katikati ya miaka ya tisini, kabla ziwa halijatupa ule msiba wa meli ambao kila mtu wa Mwanza anaujua na hakuna anayependa kuanza kuusimulia. Kila kitu kilikuwa ruksa. Aliyekuwa na duka la ushirika alikuwa na makufuli, na aliyekuwa na kibanda cha mitumba alikuwa na duka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na turubai la mitumba pale Makoroboi, na mdomo ambao wenzangu walisema ungeweza kumuuzia mvuvi sangara wake mwenyewe. Ndiyo sababu Ta Rwechu alinifuata. Ta ni neno la heshima la Kihaya, na yeye alikuwa Mhaya wa kulipenda. Alikuwa mpaka rangi wa meli bandarini hadi alipopunguzwa kazi, akabaki na ufundi wote na kiinua mgongo cha kununulia baiskeli bila taa. Akaanza kutengeneza meli ndogo za makopo ya maziwa, mabehewa, winchi, magati ya mbao yenye urefu wa sahani, kila kitu juu ya ubao unaoweza kuuweka mezani. Vizuri mno, na haviuziki. "Waitu, watu wananiambia nzuri, halafu wanaondoka," alinilalamikia. Nikamwambia nzuri si bei.

Chumba chake kilikuwa Kirumba, karibu mno na mwalo wa wavuvi, hata kila rangi ilikauka na harufu ya dagaa ndani yake. Dirisha moja, meza moja, kitanda kilichoegeshwa ukutani mchana ili meza ipate nafasi. Siku moja nilimleta mzungu wa utafiti wa dhahabu. Akazipita meli nane zinazong'aa kwa rangi mpya bila kusimama. Kisha akainama nyuma ya pipa la maji, akaitoa meli ya tisa iliyoanguka huko tangu masika, imekula kutu ya kweli, ubavu umechubuka, mnyororo wa nanga umeacha mchirizi wa kahawia. Akaishika kwa mikono miwili. Meli mpya nilikuwa nauza elfu nne. Ile alinipa tisa, na sikuwa nimefungua mdomo. Jioni ile Ta Rwechu aliitazama noti ya elfu tano na zile nne za elfu moja moja kama mtu aliyetukanwa. "Miaka kumi na tisa nimelipwa kukwangua kutu," akasema. "Sasa nilipwe kuipaka?" Nikamwambia, "Ta, nchi imebadilika. Kilichokuwa ugonjwa sasa ni bidhaa."

Tukaanza kuipika. Steliwuli ililowekwa kwenye maji ya ndimu siku tatu mpaka ikatoa uji mwekundu. Vumbi la tofali tulilichekecha kwa soksi. Tulichanganya na gundi ya mbao, tukagonga-gonga kwa kipande cha sponji ya godoro, maana brashi inapaka, kutu haipaki, kutu inaota. Kwanza kutu, nayo ingali mbichi unanyunyiza chumvi juu yake, juu ya chumvi unapaka rangi ya chombo, kijivu au kijani. Ikikauka unasugua kwa kidole chenye maji, chumvi inadondoka na kuondoka na rangi, na pale chini kutu inachungulia. Wanafunzi wa haraka hupaka kutu juu ya rangi. "Kutu haishuki kutoka mbinguni," Ta Rwechu alikuwa akiniambia. "Inaanzia chini ya rangi, kama umbea." Mwisho oili chafu kidogo kwenye viungio, na thina ya kuvuta mchirizi kuelekea chini. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Kabla hajaniruhusu kuvuta mchirizi hata mmoja aliuliza, "Maji yanatoka wapi? Yanapita wapi? Yanasimama wapi?" Nisipojibu yote matatu alininyang'anya brashi. Kutu hufuata maji. Mahali maji hayafiki, kutu ni uongo, na mtu wa chuma ataujua uongo huo hata kama hajui kusoma.

Tulikula kwa mama ntilie wa jirani, ukuta wa bati kati yetu na jiko lake. Mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya, na ugali wa udaga, unga wa muhogo, ambao Ta Rwechu aliula akiapa kila siku kwamba ni chakula cha adhabu na kwamba ndizi zake zinakuja na meli ya Bukoba. Zilikuja mara mbili mwaka mzima. Kupitia ukuta ule tulisikia kila kitu: bei ya pamba, nani amepunguzwa, nani amepewa jengo la serikali kwa bei ya ng'ombe. Na ni kupitia ukuta ule nilisikia kwa mara ya kwanza habari ya jineri. "Inauzwa," sauti moja ilisema. "Inauzwa au inagawiwa?" ikauliza nyingine. "Wanachama wa ushirika watapiga kura." "Basi inagawiwa." Wakacheka, wakaomba pilipili.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa kamati ya mauzo. Sikumjua jina, na nilipolijua nilikuwa sina haja nalo tena. Tulimwita Bwana Mkoba, maana hakuuweka mkoba wake chini hata alipokaa. Alitaka jineri nzima juu ya meza, futi nne kwa tatu, paa liwe la kufunuka, ndani zionekane mashine kumi na nane za kuchambulia pamba. Jineri ilikuwa imefungwa misimu miwili, funguo ziko kwa kamati, na wanachama wa vijiji vya mbali wasingeweza wote kwenda kuiona. Basi wataiona ukumbini, pale Nyamagana. Akatoa picha tano. Zote zilikuwa za nje.

"Na ndani?" Ta Rwechu akauliza.

"Ndani pameoza. Paka kutu."

"Mashine ziko chini ya paa, bwana. Maji yamefikaje?"

"Mzee, mimi nimekuja kununua rangi, sikuja kusomeshwa."

Ta Rwechu akazirudisha zile picha mezani moja moja. Akasema kutu yake haijawahi kupita mahali maji hayajapita, na hataanza uzeeni. Bwana Mkoba akasimama. Mkoba nao ukasimama. Nami nikaona elfu sitini aliyoitaja inaelekea mlangoni kwa miguu yake yenyewe. Nikamfuata mpaka nje, kwenye mtaro, nikamwambia kwamba mzee ana haki kidogo. Kutu bila maji haitaaminika, mafundi watacheka. Lakini paa likiwa na tundu, kila kitu kinakaa sawa. "Tundu," akasema. "Tundu moja," nikasema, "mahali pazuri. Tundu ni kazi ya ziada, elfu ishirini na tano." Tukashindana mpaka ishirini. Themanini jumla, nusu mkononi. Sikumuuliza kama tundu lenyewe lipo. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili hakuuliza hata mara moja.

Niliifanya kazi ile peke yangu, siku thelathini na nne, kwenye chumba cha shangazi yangu kule Mabatini. Lazima niseme, kwa sababu ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi, kwamba sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile kabla wala baada. Karatasi ya fedha ya pakiti za sigara niliikandamiza juu ya spoku za baiskeli ikawa bati la migongo. Mashine nilizichonga kwa bati la kopo, kila moja na rola yake. Tundu nikaliweka juu ya mashine ya saba. Kutoka kwenye tundu nikavuta mchirizi mpaka kwenye boriti. Kwenye boriti nikaweka doa, pale maji yanapopumzika kabla ya kuendelea. Hakuna aliyeniomba doa lile. Kisha matone, kisha rola ya saba imevimba kutu, ya sita na ya nane zimeambukizwa, na kuanzia hapo nikaendelea kufuata mteremko wa sakafu mpaka zote kumi na nane zikawa mfu. Maswali yote matatu ya Ta Rwechu yalikuwa na jibu. Nilipomaliza nilikaa kitandani nikaitazama, na nakumbuka nilisikia ubaridi, kama ambaye amechora sura ya mtu asiyemjua na sura ikamkonyeza.

Ukumbini walikuwa watu kama mia tatu. Mimi nilisimama kando ya meza na mgolole wangu mpya, nimepewa kazi ya kufunua paa. Wanachama wakapita kwa mstari, kofia mkononi, kama wanaaga maiti. Mwanamke mmoja aligusa rola kwa kidole akakinusa. Kisha mwenyekiti akaeleza kwamba mashine zimekufa, kilichobaki ni chuma chakavu, na kuna mnunuzi wa chuma chakavu aliye tayari. Hapo akasimama mtu wa makamo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kwa nguvu.

"Mimi ni Luhende, fundi mkuu. Mashine hizi nilizifunga kwa mikono yangu. Nilizipaka grisi, nikazifunika tulubai. Haziwezi kuwa hivyo."

"Tulubai!" akarudia mmoja wa meza kuu, akimwigiza, na wenye suti wakacheka.

"Fundi, umeingia mle lini mara ya mwisho?" mwenyekiti akauliza.

"Misimu miwili. Mmetunyima funguo."

"Basi njoo uone."

Akaja. Hakunitazama mimi, alitazama kazi. Nilidhani ataicheka, sehemu yangu moja iliomba aicheke. Akainama, akauliza kwa sauti ya chini, kama anauliza mgonjwa, "Maji yalipita wapi?" Nikafunika paa tena ili alitazame kwa nje. Akaliona tundu. Akapitisha kidole kidogo ndani yake, kisha akanifanyia ishara nifunue, akafuata mchirizi, polepole, kutoka bati mpaka boriti. Kidole kikasimama juu ya doa. Kikakaa pale. Nikauona uso wake ukikubali, na sijui namna nyingine ya kulisema hilo. "Yalisimama hapa," akasema. "Halafu yakashuka." Akanyanyuka, akawaambia wanachama, si kwa maikrofoni, "Lile bati nililiona limelegea mwaka ule. Nilisema nitapanda kulikaza baada ya Pasaka." Akarudi kukaa. Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Niliihesabu, kwa mazoea: mia mbili na kumi na moja wakakubali. Mara ya pili nilipata mia mbili na tisa. Aliponipita kutoka nje alisimama. "Unaitwa nani, mayu?" Nikamwambia Kabula. Akatikisa kichwa. "Jina la mvua," akasema, akaondoka.

Kama miezi miwili baadaye nilikuwa Kigongo kwenye foleni ya kivuko, napeleka meli sita za kutu upande wa pili. Mbele yangu kulikuwa na lori, mzigo umefungwa turubai. Upepo wa ziwa ukainua kona. Chini yake nikaona chuma kinang'aa. Nikazunguka, nikainua kona nyingine. Dereva akatoa kichwa. "Dada, unatafuta nini?"

"Umebeba nini, kaka?"

"Chuma chakavu."

"Chuma chakavu kinapakwa grisi?"

"Mimi nimeandikiwa chuma chakavu," akasema, "na nimeandikiwa kisiguswe na maji."

Zilikuwa tisa kwenye lori lile, na tisa kwenye la nyuma yake. Nikapaka kidole kwenye rola. Grisi ile ilikuwa ya njano, safi, imelazwa kwa mkono wa mtu anayependa kitu. Hakukuwa na kutu mahali popote. Niliangalia kumi na nane zote na nikarudia, na watu wakadhani mimi ni afisa. Malori yakaingia kivukoni. Mimi sikuvuka. Baadaye nilisikia kupitia ukuta wa mama ntilie kwamba mashine zinachambua pamba vizuri sana mahali pengine, na kwamba mnunuzi ni mtu mwenye bahati.

Nilimweleza Ta Rwechu peke yake. Hakunigombeza. Alisukuma kando sahani ya mapanki, akasema, "Nilikufundisha kutu isiseme uongo. Wewe umeufundisha uongo kufuata maji." Kesho yake alichukua msasa akasugua meli zake zote, akazipaka rangi mpya, na hazikuuzika, na hakujali. Mwisho wa mwaka alirudi Kagera. Alishafariki. Mimi nilirudi kwenye mitumba, na tangu hapo sijagusa sponji ya godoro. Lakini mchirizi bado nauona. Nikiingia nyumba ya watu jicho langu hupanda darini lenyewe, linatafuta doa.

Sasa Usagara. Binti wa Fundi Luhende, Neema, mwalimu, alinisindikiza mpaka barabarani siku ile, akaniambia ambayo baba yake hakusema. Kwamba tangu jineri iuzwe hajakubali kazi ya mtambo wowote mkubwa, anasema macho yake hayaaminiki. Kwamba wenzake sitini na wawili aliwaomba radhi nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na wengine hawakumpokea. Kwamba kila vuli na kila masika anapanda paa za majirani kukagua mabati, bure, ana miaka sabini na sita, na amekwishaanguka mara mbili. Ya pili ndiyo ile plasta. "Mama, wewe anakuheshimu," akaniambia. "Anasema ulimwonyesha kosa lake bila kumtukana. Zungumza naye ashuke huko juu." Nilimwahidi. Nimekwenda mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili nimekunywa chai, nimesifu cherehani, nimeondoka.

Nikimwambia tundu lilikuwa langu, atashuka kutoka juu ya paa, hilo nina hakika nalo. Lakini atashuka na kukuta kwamba bati lile lililolegea halikuwahi kuvuja, kwamba alipiga magoti kwenye milango sitini na miwili kwa doa nililoliweka kwa urembo. Nisipomwambia, atapanda tena, na safari ya tatu mwili wa umri ule hausamehe. Neema anasema hata nikimdanganya kwa sababu yoyote, ni sawa tu, mradi ashuke. Mimi nimeshamdanganya mara moja, na nilikuwa hodari. Plasta inakatwa wiki ijayo, mvua za vuli zimeshaanza upande wa visiwani, na nasikia ameazima ngazi. Ninyi mnaosoma, wapo kati yenu waliowahi kumwondolea mtu kosa ambalo ameishi nalo muda mrefu kuliko alivyoishi na mkewe. Naombeni mnishauri: mlimkalisha wapi, na mlianza na neno gani?